Kuhama Tanga Kwenda Mwanza: Yapi Ya Kupima Kabla Ya Kufunga Mizigo?

SWALI:

Mimi ni fundi wa mitambo ya barafu. Nina mke na watoto watatu, tunaishi Ngamiani, Tanga, katika nyumba ya marehemu baba, pamoja na mama yangu ambaye ni mtu mzima sana. Nimepata kazi katika kiwanda cha samaki Mwanza, mshahara unakaribia mara mbili ya ninaoupata hapa. Mke wangu hataki. Anafundisha madrasa, na mtoto wetu wa kwanza ameshahifadhi juzuu kumi na mbili kwa mwalimu wake. Mama amesema hatoki nyumbani kwake ila kwa jeneza. Nina dada mmoja tu, ameolewa Muheza. Jamaa wengine wananiambia kuuacha mji wenye Waislamu wengi ukaenda kwenye Waislamu wachache ni dhambi. Wengine wanasema mke anayekataa kumfuata mumewe ni naashizah. Nimepewa mwezi mmoja nitoe jibu. Naomba mnisaidie kupima.

JIBU:

AlhamduliLlaah, sifa zote njema ni za Allaah, na swalah na salaam zimfikie Mtume wetu Muhammad (swalla Allaahu 'alayhi wa sallam), ahli zake na Swahaba zake wote.

Ndugu yetu muulizaji, umefanya vyema kuuliza kabla ya kuondoka. Maswali mengi ya namna hii hutufikia mtu akiwa ameshafika aendako, mke amebaki alikobaki, na mama yuko hospitali.

Tuanze na neno la jamaa zako kwamba kuhama huku ni dhambi, kwa sababu ndilo jepesi. Asili ya kuhama kutafuta riziki ni halali. Hijrah ya wajibu, ile iliyotajwa katika Suratun-Nisaa kuanzia Aayah ya 97, inamhusu aliyezuiwa kuidhihirisha Dini yake na akawa na uwezo wa kutoka. Mwanza haimo katika hukumu hiyo. Huko kunaadhiniwa, Ijumaa zinaswaliwa, madrasa ziko wazi, na Katiba ya nchi, ibara ya 19, inampa kila mtu uhuru wa ibada. Uislamu wenyewe si mgeni kanda ile. Uliingia na misafara ya watu wa pwani kupitia Tabora tangu karne ya 19, na wapo wenyeji wa Kisukuma na Kinyamwezi ambao babu wa babu zao walikuwa Waislamu. Isitoshe, Swahaba waliohamia Habasha waliishi chini ya mfalme Mkristo kwa miaka mingi, na Ja'far bin Abii Twaalib (radhiya Allaahu 'anhu) hakurejea mpaka mwaka wa 7 wa Hijrah, wakati wa Khaybar, ilhali Madiynah ilikuwa imeshakuwa ya Waislamu muda mrefu. Hakuna aliyemwambia kuwa amekaa katika dhambi.

Hata hivyo jamaa zako wameshika kitu cha kweli hata kama wamekitamka vibaya. Mahali humwathiri mtu. Yule aliyeua watu mia, katika Hadiyth mashuhuri, alielekezwa autoke mji wake wa uovu aende kwa watu wanaomuabudu Allaah. Ukiwa Tanga, mtoto wako anaposikia adhana huiona mitaa mizima ikielekea msikitini. Asiyeswali ndiye anayeona haya. Huko uendako, kutegemea mtaa utakaokaa, huenda mwanao akawa ndiye pekee darasani anayefunga Ramadhwaan. Baadhi ya watoto hilo huwaimarisha na wengine huwavunja, na wewe mzazi ndiye unayemjua wako.

Kuhusu mke wako

Hapa tunakuomba usikilize kwa utulivu. Ni kweli Wanachuoni wamesema mke humfuata mumewe anakohamia, maadamu njia ni salama, makazi yanafaa na mume si mtu wa kumdhulumu. Lakini swali la kwanza anapoulizwa mwanachuoni mjuzi ni hili: je, kulikuwa na sharti katika ndoa? Huku kwetu pwani ni kawaida baba wa bibi harusi kusema, mbele ya mashahidi, binti yangu asitolewe nje ya mji huu. Katika madhehebu ya Imaam Ahmad sharti hilo linamfunga mume, na akilivunja mke ana haki ya kudai ndoa ivunjwe. Kwa Mashaafi'iy ndoa inasihi na sharti halimlazimu mume. Lakini hata tukifuata kauli hii ya pili, Muislamu aliyetoa ahadi mbele ya wakwe zake hapati fakhari kwa kusema sheria haikumlazimisha. Rudi ukumbuke ulisema nini siku ile.

Kama hakukuwa na sharti, bado kumwita naashizah mwanamke anayesema "nani atamsomesha mwanetu juzuu ya kumi na tatu?" ni kulitumia neno zito mahali pasipo pake. Ametoa rai, na rai yake ina uzito. Yeye ndiye anayeacha kazi ya madrasa, wanafunzi, ndugu na majirani wanaomjua tangu mdogo. Wewe utafika Mwanza ukute kazi na wenzako wa kiwandani. Yeye atafika akute kuta nne na soko ambalo hajui bei zake. Mshauriane. Ummu Salamah (radhiya Allaahu 'anhaa) alimshauri Mtume (swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) siku ya Hudaybiyah, watu walipokuwa wameduwaa, na ushauri wake ukafuatwa.

Usije nawe ukachagua njia ya mkato, kwenda peke yako "kwa muda" ambao haujulikani mwisho wake. Tunajua nyumba nyingi zilizovunjika bila talaka kwa njia hii. 'Umar bin Al-Khattwaab (radhiya Allaahu 'anhu) aliweka mpaka wa askari kukaa mbali na wake zao, miezi minne au sita kwa tofauti ya mapokezi, baada ya kumsikia usiku mwanamke akilalamikia upweke. Ukienda mbele kutayarisha makazi, muda huo ndio mwisho wako, na uwe umeafikiana na mkeo kwa tarehe.

Kuhusu mama

Hili ndilo zito kuliko yote, na umeliandika kwa mstari mmoja tu.

Alikuja mtu kwa Mtume (swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) kumpa bay'ah ya Hijrah, akasema amewaacha wazazi wake wakilia. Akaamrishwa arudi akawachekeshe kama alivyowaliza. Hiyo ilikuwa Hijrah kwa ajili ya Allaah, achilia mbali kazi ya kiwandani. Wanachuoni wakachukua humo kwamba mzazi anayemhitaji mtoto kwa huduma, na hakuna mwingine wa kumhudumia, haachwi kwa safari isiyo ya dharura. Lakini mzazi mwenye nguvu zake, au mwenye mtoto mwingine anayemtosheleza, hana haki ya kumzuia mwanawe riziki ya halali kwa sababu tu anapenda kumwona kila siku. Wewe ndiye unayejua mama yako yuko upande gani. Je, anajiogesha mwenyewe? Anapika? Dawa zake anazijua? Usiku akiita, nani huamka? Ikiwa anayeamka ni mkeo, basi tambua kuwa ukimhamisha mkeo umemwondolea mama mhudumu wake, na dada aliyeolewa Muheza ana mume na nyumba yake, si haki kumbebesha bila kumuuliza yeye na mumewe.

Kuna jambo jingine ambalo watu huona vibaya kulitaja. Sisi Waislamu huzika mapema. Kutoka Mwanza hadi Tanga kwa barabara ni zaidi ya kilomita 1,000. Kwa ndege unafika Dar es Salaam kwa saa moja na nusu hivi, kisha zinabaki kilomita zipatazo 350 za barabara, kama ndege ya siku hiyo hujaikosa. Simu ikipigwa asubuhi, wakazika baada ya Alasiri, hutofika. Ukishauriana na mama, shauriana naye na hili. Wapo wazazi waliosema, "Nenda mwanangu, utaniswalia huko huko," na Swalah ya maiti aliye mbali inasihi katika madhehebu ya Shaafi'iy. Na wapo waliosema hapana. Vyovyote atakavyosema, bora ulisikie kinywani mwake sasa, na usimwombe dada yako siku hiyo acheleweshe maiti kwa ajili yako.

Kuhusu fedha

"Mara mbili ya ninaoupata" ni hesabu ya upande mmoja. Tanga hulipi kodi ya nyumba. Tuchukue mfano, na tarakimu ni za mfano tu, weka zako: unapata shilingi 600,000, na Mwanza utapata 1,100,000. Nyongeza ni 500,000. Toa kodi ya vyumba viwili au vitatu, tuseme 150,000, tena wenye nyumba hutaka ya miezi sita au mwaka kwa mkupuo. Toa 150,000 ya mtu wa kukaa na mama. Toa 100,000, kwa kuwa posho ya mkeo ya madrasa na bagia anazouza zitakuwa zimekatika. Weka kando 60,000 kila mwezi za nauli ya familia kuja Tanga mara moja kwa mwaka na za dharura. Imebaki 40,000. Huenda tarakimu zako zikatoka nzuri zaidi, na tunakuombea hivyo, lakini zikitoka hivi basi unahama kwa ajili ya shilingi elfu arobaini. Na hiyo kodi ya mkupuo usiikope kwa riba.

Uliza pia mkataba ni wa muda gani. Viwanda vya samaki vya ukanda wa ziwa hutegemea sangara, na sangara wakipungua zamu hupunguzwa. Kazi yenyewe ni halali. Samaki hana haja ya kuchinjwa na barafu haina utata. La kuangaliwa ni zamu. Kabla ya kusaini uliza Ijumaa mchana nani huwa zamu, na kama fundi wa barafu huruhusiwa kutoka. Lipate jibu kwa maandishi ikiwezekana, kwa sababu mtambo wa barafu ukizimika hausubiri khutbah.

Na nyumba ya marehemu baba, imegawiwa? Kwa ulivyoandika inaonekana bado. Usiondoke ukaliacha hilo. Kama warithi ni nyinyi watatu tu, mama ana thumni, na kinachobaki ni chako wewe na dada yako, wewe mafungu mawili naye moja: katika mafungu 24, mama 3, wewe 14, dada 7. Si lazima nyumba iuzwe, mama akae humo mpaka Allaah Atakapopenda, lakini iandikwe nani ana nini, mbele ya mashahidi. Ndugu wanaokaa mtaa mmoja huyamaliza haya kwa mazungumzo barazani. Wakishakuwa mikoa miwili, huyamalizia mahakamani.

Yatakayobadilika ukifika

Hapa tutakwenda haraka kidogo, ila mambo mawili tuyaeleze vizuri kwa sababu wahamiaji wengi kutoka pwani hukosea.

La kwanza ni nyakati. Nchi nzima ina saa moja, lakini jua halifuati saa ya ukutani. Mwanza iko magharibi ya Tanga kwa zaidi ya digrii sita, kwa hiyo jua huchwa huko takribani dakika 25 baadaye, zikizidi au kupungua kidogo kwa majira. Mtu aliyezoea kufuturu kwa adhana ya redio kutoka Dar es Salaam au Unguja, akiendelea na mazoea hayo Mwanza, atakuwa anakula mchana wa Ramadhwaan, na siku alizofanya hivyo itambidi azilipe. Alfajiri ni kinyume chake: ukiacha kula kwa redio ya Dar umejizuia mapema, hakuna ubaya, lakini ukiswali Alfajiri kwa adhana hiyo umeswali kabla ya wakati. Itupe ratiba ya Tanga, chukua ya msikiti wa mtaa wako mpya.

La pili ni Qiblah. Tanga, Makkah iko kaskazini karibu sawasawa, umezoea kuelekea huko tangu utoto. Mwanza inapinda kuelekea mashariki kwa kiasi cha digrii 15 kutoka kaskazini. Kupinda kidogo bila kujua hakubatilishi Swalah kwa wanaosema inatosha kuelekea upande wa Makkah, lakini aliyeweza kujua asipuuze. Nyumba utakayopanga, tazama msikiti wa karibu umeelekea wapi.

Safarini utafupisha Swalah ukishapita majengo ya Tanga. Ukifika Mwanza kwa nia ya kukaa, safari imekwisha, unaswali kamili tangu Swalah ya kwanza. Je, utakaporudi Tanga kwa siku tatu kumwona mama? Ikiwa umeshahama moja kwa moja pamoja na ahli yako, wewe ni msafiri na unaruhusiwa kufupisha, kama Muhaajiruun walivyofupisha Makkah waliyozaliwa. Ikiwa mkeo bado anaishi Tanga, hapo ni kwako na unaswali kamili. Wapo Wanachuoni wanaosema mwenye mali au nyumba mjini pia akamilishe, na kwa kuwa una fungu katika nyumba ile, kukamilisha ni ihtiyaatw nzuri.

Zakaatul-Fitwr hutolewa mahali alipo mtu jua linapozama usiku wa 'Iyd. Ukiwa Mwanza na watoto wako Tanga, yako itoe Mwanza, zao zitolewe Tanga. Ama kuandama kwa mwezi, hapo hatuna la kukuongezea. Hata Ngamiani umeshaona nyumba mbili zinazopakana zikila 'Iyd siku mbili.

Watoto wa Tanga wamezoea kujitupa baharini wakitoka madrasa. Ziwa si bahari. Ziwa Victoria lina kichocho, na vijidudu vyake huingia kwa kupenya ngozi mtu anapooga au kukanyaga maji ya kina kifupi karibu na majani. Dawa zipo na hutolewa mashuleni, lakini wakataze mapema, kabla hawajapata marafiki wa kuwapeleka. Maji ya ziwa ni twahara bila ya shaka; ila anayetawadha, asiingie ufukweni, achote yaliyohifadhiwa. Nazi zitakuwa ghali kwa sababu zinasafirishwa kutoka pwani, na mchuzi wa sato usiokuwa na tui mtauzoea. Mabuchani, ulizeni nani anachinja. Waislamu wa mtaa watawaambia bucha lao.

Ugeni utawauma, na si dalili ya udhaifu wa imani. Muhaajiruun walipofika Madiynah, Abu Bakr na Bilaal (radhiya Allaahu 'anhumaa) waliugua homa, na Bilaal alikuwa akiimba kwa kuitamani Makkah, mabonde yake na majani yake. Mtume (swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) hakumkemea. Aliomba Allaah Aipendezeshe Madiynah kwao na Aiondoe homa yake. Mkeo akilia mwezi wa pili, mkumbuke Bilaal.

Tunavyoona sisi

Usijibu kiwandani wala nyumbani kabla hujaenda kuona. Omba ruhusa ya siku saba, na siku hizo ziwe na Ijumaa ndani yake. Ukiweza mchukue mkeo, nauli hiyo si hasara. Mtembee Kirumba, Nyakato, Igoma na mitaa mingine mliyoambiwa. Msitafute nyumba kwanza. Mtafuteni mwalimu wa tahfiydh. Mpelekeni jina la mtoto, mumuulize amsikilize kwa simu aone kiwango chake, kisha mtafute nyumba ambayo mtoto anaweza kwenda huko kwa miguu. Banu Salimah waliokuwa mbali na msikiti wa Mtume walitaka kusogea karibu, wakaambiwa wabaki majumbani mwao kwani hatua zao zinaandikwa; hivyo mtu mzima hana udhuru wa umbali. Lakini mtoto wa miaka kumi na daladala mbili za usiku ni jambo jingine.

Muulizeni pia yule mwalimu kama ana haja ya mwalimu wa kike. Mara nyingi sehemu zenye Waislamu wachache ndizo zenye uhaba mkubwa zaidi wa walimu, na huenda mkeo anayekataa leo akakuta wanafunzi wanaomhitaji kuliko wale wa Ngamiani. Hilo lakini alione mwenyewe, wewe usimpigie debe.

Mkirudi, kaeni na mama, dada na shemeji yako siku moja, wote kwa pamoja. Mkikubaliana nani atakaa na mama, kwa ridhaa yake yeye mwenyewe, na mwalimu amepatikana, na hesabu imebakisha kitu cha maana, nenda ukiwa na moyo mkunjufu. Likikosekana la mama, tunakushauri ubaki, hata kama yale mawili yametimia. Fundi wa barafu hukosi kazi katika mji wenye bandari, na mama huna mwingine.

Swalah ya istikhaarah iswali baada ya kuyajua haya yote. Ni rakaa mbili zisizo za faradhi na du'aa yake iliyopokewa na Jaabir (radhiya Allaahu 'anhu). Usingojee ndoto. Fuata lile ambalo Allaah Ataliwepesisha, na kama mkataba utavunjika wenyewe kabla ya mwezi kwisha, hilo nalo ni jibu.

Wa-Allaahu A'lam.